Siku Mkate Ulipoitwa Keki

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Jina lake liko kwenye kamati linapitiwa upya, na mtu akilitamka kabla halijapitishwa atakuwa ametamka jina lisilo halali. Basi tuiite nchi yetu tu, nanyi mnaosoma mkiwa mbali mshukuruni Mungu, mkae kitako, mnisikilize. Huku kwetu hatuogopi kitu. Tunatetemeka, hilo sikatai, lakini tunatetemeka kwa heshima.

Mimi ni Athumani Kibwana, karani wa herufi K katika Idara ya Maana. Idara yetu ndiyo inayotunga Kamusi Kuu ya Taifa, kazi iliyoanza kabla sijaota ndevu, na kwa mwendo tunaokwenda nao itamalizwa na vitukuu. Kila herufi ina karani wake na meza yake. Karani wa J, mzee mmoja mpole aliyekuwa akinigawia ubuyu kila Ijumaa, alistaafishwa ghafla akiwa katikati ya neno "jasho". Kalamu yake tuliikuta mezani haina kifuniko. Hatukuuliza amekwenda wapi. Tuliifunika kalamu, tukaendelea na kazi.

Kazi yetu ina sheria moja kubwa, na lazima niieleze mapema maana ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Neno haliingii kwenye kamusi kwa sababu karani amelipenda. Lazima kuwe na kadi, na kwenye kadi kuwe na sentensi iliyotoka kinywani mwa mwananchi, pamoja na jina lake kamili, tarehe aliyoisema, na anwani ya nyumba yake, ili msomaji akitia shaka aende akamuulize mwenyewe. Kadi zina namba, hakuna kuruka namba. Sheria hii waliitunga mabwana wa zamani, watu wa nia njema kabisa. Walidhani watakaokwenda kugonga milango ya watu ni wasomaji.

*

Neno "keki" halikuwahi kunisumbua. Lilitujia kwa Waingereza, pamoja na soksi, risiti na pensheni. Wao wakaondoka, vitu vikabaki, isipokuwa pensheni. Droo yangu ilikuwa na kadi 420 za neno hilo na zote zilikuwa zimelala salama. Kulikuwa na keki ya harusini, ile ya ghorofa, ambayo bwana na bibi hulishana huku watu wakipiga vigelegele, na ikifika zamu ya wakwe bibi harusi hupiga magoti na kijiti cha meno mkononi. Kulikuwa na ile ndogo ya kikombe, inayouzwa stendi na kuliwa na abiria asiyejua atafika saa ngapi. Halafu kulikuwa na watu wa mlimani. Hao ukiwaambia walete keki, wanakuletea mbuzi mzima wa kubanika, kasimamishwa kwenye sinia, majani mdomoni. Wanamkata kwa kisu chenye utepe, wanalishana, na ukiuliza keki iko wapi wanakutazama kwa huruma.

Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo ambalo kila mtoto kwetu analijua. Sisi, kabla hao wageni hawajaleta neno lao, vyote vya unga tulikuwa tunaita mkate. Mkate wa mayai, mkate wa sinia, mkate wa ufuta, mkate wa kumimina. Keki ikaja ikapewa kiti chake pembeni, mkate ukabaki mkate, na hapakuwa na ugomvi.

Basi likaja lile jambo la kinu.

Siku hiyo Mtukufu Baba wa Kauli, mkuu wa nchi yetu, alikuwa anazindua Kinu cha Unga cha Taifa, mbele ya wageni kutoka nchi iliyotupa mashine. Watumishi wote tulipangwa juani tangu saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa mstari wa tisa. Mtukufu akaletewa mkate wa kwanza juu ya sinia. Ulikuwa boflo, mrefu, wa chumvi, hauna yai wala sukari. Akauinua juu kwa mikono miwili, akawatazama wageni, akatutazama sisi, akasema, "Ndugu wananchi, hii ndiyo keki."

Nilisikia kunguru. Nilimwona Waziri wa Nafaka akimtazama Waziri wa Viwanda, na Waziri wa Viwanda akiutazama mkate, na jasho likimtiririka kwenye tai. Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Mpaka leo haijulikani alikuwa nani, ingawa watu kumi na wanne wamepewa nishani kwa kuwa yeye. Sote tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Saa saba mchana redio ikatangaza. Saa kumi ikawa sheria.

*

Msifikiri tulipata hasara. Magazeti ya kesho yake yalieleza kwamba nchi yetu ndiyo pekee duniani ambako kila kaya, hata ya mwenye nyumba ya makuti, inakula keki asubuhi. Waziri wa Magereza alisimama bungeni akasema wafungwa wetu wanalishwa keki kavu na maji, na akawauliza wanaotusema vibaya huko nje kama wafungwa wao wanaweza kusema hivyo. Wachoraji wa serikali walipita mitaani kurekebisha mabango. Bekari ya dada yangu, iliyokuwa ikiitwa MASHAVU: MIKATE NA KEKI, ikawa MASHAVU: KEKI NA KEKI.

Watu wakaacha kulitaja lile neno la zamani. Na jipya nalo hawakulitaja sana, maana ulimi una mazoea yake na unaweza kukuangusha. Dukani mtu alikuwa anaonyesha kwa midomo, anasema, "Nipe hicho." Padri mmoja wa mtaani kwetu alipofika kwenye ule mstari wa kuomba mkate wa kila siku, alianza kukohoa, akakohoa mpaka waumini wakamaliza wenyewe kimoyomoyo. Majirani waliokuwa wakikaribishana chai kwa sauti walianza kukaribishana kwa ishara.

Wiki ya pili Mkurugenzi wetu, Dokta Ngwale, alikuja mezani kwangu. Dokta Ngwale hajawahi kuja kwenye meza ya karani. Makarani ndio huenda kwake, tena wakiwa wamevua kofia. Alikaa kwenye ukingo wa meza yangu, akaniuliza habari za nyumbani.

"Lugha, Bwana Kibwana, ni mali ya wananchi," akasema. "Na wananchi ni mali ya nani?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa, ameridhika. Akanieleza kwamba Mtukufu anataka lile neno "keki" liandikwe upya katika siku saba za kazi, na ionyeshwe kwa ushahidi wa kadi kwamba wananchi tangu enzi na enzi walikuwa wakiuita mkate keki, na kwamba Mtukufu hakubadilisha chochote bali alitukumbusha tu. Wale ambao kadi zao zilisema vingine, akasema, wataombwa kwa upole waje kuthibitisha. Na kwa kuwa kazi ni nyingi, nimeletewa msaidizi.

Msaidizi akaingia. Jina lake sikulipata na sikulitafuta. Ofisini tulimwita Bwana Pole. Ni mtu mwembamba, anavaa sweta hata wakati wa joto, anatoka ile ofisi nyingine isiyo na bango. Kila asemalo huanza na pole. Pole na kazi. Pole na jua. Akakaa mkabala nami, akavuta droo ya "keki", akatoa rula na penseli nyekundu, akaanza na kadi ya 1. Alisoma kila neno huku rula ikishuka mstari kwa mstari. Kadi iliyotenga keki na mkate, aliizungushia jina na anwani. Kufika jioni alikuwa amesoma sitini kamili.

Kesho yake wenye kadi zile waliitwa. Wa kwanza alikuwa mzee wa mlimani, yule aliyesema miaka mingi iliyopita, "Keki yetu ina pembe." Hakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Duka lake la vipuri lilifungwa, likabandikwa karatasi iliyochapwa vizuri: KUNA UKARABATI. Ilipofika Jumatano kulikuwa na ukarabati mwingi sana mjini.

Mimi nilikuwa nikimtazama Bwana Pole akigeuza kadi, nikihesabu kimoyomoyo, kwa sababu nilijua kilichokuwa mbele. Sitini kwa siku, siku saba. Siku ya saba, kabla tu ya kufunga kazi, angefika kadi ya 417. Kadi ya 417 ilikuwa ya dada yangu.

*

Sasa niwaambie habari za Dada Mashavu.

Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa na miaka sita na yeye kumi na nane. Alichukua joko la mama, akakanda unga, akanilea. Ni mwanamke mnene, mwenye mikono yenye alama za moto mpaka kwenye viwiko, na hajapata kusema jambo kwa sauti ya chini tangu alipozaliwa. Miaka kumi na moja iliyopita, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nilikuwa nimekaa bekarini kwake nakunywa chai. Akaja bibi mmoja mwenye majivuno, ameshika boflo, anamwambia mwenzake, "Nimenunua keki ya wageni." Dada akacheka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Anayeuita mkate keki, ama ana njaa ama ana wageni."

Duka zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye bidii, nikatoa kadi mfukoni nikaiandika sentensi ile hapo hapo. Jina: Mashavu binti Kibwana. Anwani: Mtaa wa Mkorosho, mlango wa kijani. Nilifurahi kwamba dada yangu, ambaye hakumaliza darasa la nne, ataingia kwenye Kamusi Kuu ya Taifa. Nilimwonyesha, akaitazama kadi kwa muda mrefu, akaninyang'anya akaibusu, ikabaki na unga.

Hiyo ndiyo kadi aliyokuwa anaifuata Bwana Pole kwa rula.

Jumamosi, siku ya mapumziko, nilikwenda Mtaa wa Mkorosho. Nilikusudia kumwambia yote: kadi, droo, penseli nyekundu, na maneno gani asiyaseme tena maisha yake yote. Nilimkuta anatoa bati jokoni. Wateja wawili walikuwa wamesimama wameelekeza midomo yao kwenye rafu.

"Umekonda," akaniambia. "Hiyo Idara inakulisha maana tupu?"

Nikamvuta nyuma, karibu na magunia. Nikaanza, "Dada, unakumbuka ile siku..." Pazia likatikisika. Alikuwa mteja tu anatafuta chenji. Nikasema kitu kingine kabisa. Nikasema, "Dada, punguza kusema."

"Kusema nini?"

"Kusema tu."

Akanitazama kama anavyoutazama unga ambao haukuumuka. "Mdomo huu ndio uliokulea, Athumani. Niliposimama kwa mwalimu mkuu nikabishana naye mpaka akakupokea bila viatu, ningenyamaza siku ile, leo ungekuwa wapi?"

Nilijua kwamba nikimwambia kuhusu kadi atakasirika, na akikasirika ataongea, na akiongea atasikika mpaka Mtaa wa Mkorosho mwisho. Basi nikanyamaza. Akanifungia boflo mbili kwenye gazeti, nikaondoka nazo nimezikumbatia. Nimezaliwa mwoga, na sijui huo woga nimeurithi kwa nani, maana kwa mama yetu si kweli.

*

Kuitoa kadi ilikuwa haiwezekani. Namba ikirukwa, Bwana Pole angeiona kabla hajavuta pumzi. Kubadilisha sentensi ingefaa, lakini sentensi zote zilikuwa zimenakiliwa kwenye daftari kubwa la Dokta Ngwale, bila majina. Kilichobaki kubadilishwa ni jina tu. Jumapili yote nilifikiri niandike jina la nani. Nikiandika jina la jirani, jirani atakarabatiwa. Nikiandika la marehemu, marehemu ana watoto. Niliwaza jina moja baada ya jingine, na kila jina lilikuwa na mlango, na kila mlango Bwana Pole aliweza kuugonga. Nikatafuta katika nchi nzima mtu mmoja ambaye hawezi kugongewa.

Ilipofika Jumatatu mchana Bwana Pole alikuwa amefika kadi ya 330 hivi. Alipokwenda kunawa kabla ya kula, nilikuwa na kadi tupu niliyoilowesha kwenye chai ya rangi nyumbani, ikakauka ikawa na uzee wake. Nikaandika sentensi ile ile, mwandiko ule ule, tarehe ile ile. Jina: Mtukufu Baba wa Kauli. Anwani: Ikulu. Nikaichomeka kwenye nafasi ya 417, ile ya zamani nikaikunja nikaitia mdomoni. Kadi ya serikali ni ngumu kumeza. Niliisindikiza na kipande cha keki, maana siku zile mkate ulikuwa keki, na Bwana Pole aliporudi akanikuta machozi yananitoka.

"Pole," akasema. "Imekupalia?"

Jumanne, saa kumi kasorobo, rula yake ilishuka kwenye kadi ya 417. Ikasimama. Alisoma mara moja, akavua miwani akaifuta kwa sweta, akasoma mara ya pili. Kisha Bwana Pole akasimama wima, akaipigia kadi saluti.

*

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyekula ofisini. Kamati ilikaa. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko lililowahi kuletwa mbele ya Idara tangu iundwe: Mtukufu amesema mkate ni keki, na Mtukufu huyo huyo alisema anayeuita mkate keki ama ana njaa ama ana wageni. Mjumbe mmoja alipendekeza neno "mkate" lifutwe lisiwepo tena, mwingine akapendekeza lifutwe neno "wageni". Mmoja aliyeropoka neno "njaa" katika sentensi moja na jina la Mtukufu alizimia mwenyewe, bila kuguswa na mtu.

Dokta Ngwale ndiye aliyetuokoa. Aliinuka akasema kwamba hekima ya Mtukufu ni moja, ila sisi ndio tunaoisoma vipande vipande. Siku ya kinu, akauliza, mbele ya Mtukufu walikuwa wamekaa nani? Wageni. Basi Mtukufu aliuita mkate keki kwa adabu ya mwenyeji, sawasawa na mafundisho yake mwenyewe ya miaka kumi na moja iliyopita. Waliokosea ni wale waliokimbilia redioni. Mkurugenzi wa redio, kwa bahati nzuri, alikuwa nje ya chumba, na tangu hapo amebaki nje.

Hivyo ndivyo mkate ulivyorudi kuwa mkate. Ilitangazwa saa mbili asubuhi, na mtaani kwetu nilimwona mama mmoja amesimama mbele ya kioski, anatazama kushoto na kulia, halafu anasema polepole, "Nipe mkate," kisha anaangua kilio. Baadhi ya maduka yalifunguliwa. Mengine ukarabati haukuisha. Duka la vipuri la mzee wa mlimani bado lina ile karatasi, imekuwa njano.

Mtukufu mwenyewe aliulizwa redioni kuhusu maneno yale, akayakumbuka. Alisema aliyatamka akiwa na umri wa miaka saba, jikoni kwa bibi yake, na bibi akamwambia mjukuu wangu utakuwa mtu mkubwa. Sauti yake ilitetemeka. Kadi ilisema miaka kumi na moja tu iliyopita, lakini Dokta Ngwale aliamua kwamba aliyasema mara mbili. Maneno yakaandikwa kwenye kuta za shule na juu ya mlango wa kinu. Yakachapwa kwenye kanga za rangi mbili, na wanawake wakagawiwa bure, na asiyeivaa akaulizwa kwa nini.

Mimi nilipewa cheti. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyevuka mto wenye mamba. Nilijisifu, wallahi nilijisifu. Nikasema kesho au keshokutwa nitakwenda nimweleze Dada, tucheke. Sikwenda kesho, wala keshokutwa.

*

Aliyeingia bekarini kwa Dada Mashavu na ile kanga alikuwa mteja wa kila siku, wala hakuwa mtu mbaya. Dada alikuwa anakanda. Akainua macho, akasoma pindo, akasoma tena, akacheka mpaka akashika meza. Duka lilikuwa limejaa. Akasema kwa ile sauti yake kwamba haya, maneno yake yamepata wa kuyavaa. Kwamba hayo aliyasema yeye, hapo hapo aliposimama, miaka kumi na moja iliyopita, na mdogo wake ndiye aliyeyaandika, waende Idara ya Maana wakamuulize Athumani. Wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakaacha mikate yao kwenye kaunta.

Siku ya tatu Bwana Pole alikuja mezani kwangu. "Pole, ndugu Kibwana," akasema. "Kuna mwananchi anadai maneno ya Mtukufu ni yake. Huo ni wizi, lakini tusimwonee. Amesema ipo kadi."

Mlango ukafunguliwa, akaingizwa. Alikuwa bado amevaa aproni, na unga kwenye nyusi. Watu wawili walimshika mikono pale penye alama za moto. Hakuwa na hofu hata chembe. Aliponiona alitabasamu, maana alikuwa amefika kwa mtu wake.

"Mwambie, Athumani," akasema.

Bwana Pole akanitazama. Dokta Ngwale alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Makarani wote, A mpaka Z, waliinamisha vichwa juu ya maneno yao. Nikavuta droo. Sijui kwa nini niliivuta, nilijua kilichomo. Nadhani nilitaka mikono yangu iwe na la kufanya. Nikageuza kadi moja moja mpaka 417, nikaitazama, nikaona mwandiko wangu. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ni yake. Nikafikiria cheti changu, na kalamu isiyo na kifuniko, na sweta lile.

"Hakuna kadi," nikasema.

Na ilikuwa kweli, niliila.

Dada alinitazama. Sikuinua macho, lakini nilijua ananitazama, kama nilivyokuwa najua utotoni nikiwa nimevunja kikombe. Nadhani ndipo alipoelewa kila kitu, magunia, pazia, na punguza kusema. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake, "Basi nitakuwa nimechanganya. Uzee. Labda niliyasikia redioni."

Bwana Pole akampa pole. Wakamgeuza. Mlangoni akasimama, wale watu wawili wakasimama naye, maana ni mzito.

"Mkate nimeuacha jokoni, Athumani. Kautoe usiungue."

*

Niliruhusiwa kutoka mapema. Nilikimbia, mtu mzima, mtumishi wa serikali, nikakimbia mpaka Mtaa wa Mkorosho. Mlango wa kijani ulikuwa tayari una karatasi. Nikapitia uani. Mikate ilikuwa imeungua yote chini, moshi umejaa. Niliitoa kwa mikono mitupu, nikaikwangua kwa kisu, nikakaa kwenye magunia nikala. Nilikula nikilia, na nililia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Nimeuliza alipo. Nimeuliza kwa adabu, kwa maandishi, nakala tatu. Nimejibiwa kwamba anathibitisha.

Wiki iliyopita nilichukua kadi mpya. Nikaandika: "Mkate nimeuacha jokoni, kautoe usiungue." Nikaandika jina, Mashavu binti Kibwana, na tarehe. Nilipofika kwenye anwani kalamu ilisimama. Sheria yetu ni kwamba kadi isiyo na anwani huchomwa, na mimi sijui dada yangu analala wapi. Nikaandika anwani ya nyumba yangu, chumba na namba, ili wajue pa kuanzia. Kisha nikaigeuza, nikaandika nyuma: "Maneno ya kadi ya 417 ya 'keki' ni ya mwanamke huyu. Jina la Mtukufu niliandika mimi, karani wa K. Kadi ya kwanza niliila." Nikatia sahihi. Mkono ulitetemeka, na safari hii haikuwa heshima.

"Mkate" ni wa karani wa M, Bi Sikujua, mwanamke wa makamo ambaye kwa miaka yote tuliyokaa meza jirani hajaniambia neno zaidi ya salamu. Alisoma mbele. Akasoma nyuma. Nilidhani atapiga ukunga. Alichukua mhuri, akaugonga, akanirudishia kadi.

"Andika namba yake vizuri," akasema, "isije ikarukwa."

Bwana Pole amehamia M. Kwa kuwa sasa mkate ni mkate, inatakiwa ijulikane ni akina nani waliukana zile wiki tatu bila kuwa na wageni. Ana rula ile ile na penseli ile ile, anasoma sitini kwa siku, na kila asubuhi akipita mezani kwangu ananipa pole na kazi. Jana alifunga kwenye kadi ya 1,240. Leo atafunga kwenye 1,300. Ya Dada ni ya 1,306.